Yaliyoachwa Nje ya Hesabu

Mkataba ambao Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, aliufunga na Marekani mjini Maskati tarehe 21 Septemba 1833 una vifungu tisa, na karibu vyote vinanukia forodhani. Vinazungumzia ushuru, bei, shehena iliyokosa mnunuzi, chombo kinachoingia bandarini kwa matengenezo. Kifungu cha tano kina harufu nyingine. Kinawahusu mabaharia waliovunjikiwa na chombo. Rasimu iliyoletwa na mjumbe wa Marekani ilisema kwamba serikali yake ingelipa gharama za kuwatunza mabaharia wake hadi warudi kwao. Seyyid Said akalikataa hilo. Alitaka iandikwe kwamba Wamarekani watakaopata ajali katika pwani zake watapokewa, watalishwa na kutunzwa kwa gharama yake yeye, kwa kuwa hawezi kupokea malipo kwa kumsaidia mtu aliyefikwa na shida. Mjumbe akafuta alichokuwa ameandika, akaandika alivyotaka Seyyid.

Mjumbe huyo, Edmund Roberts, hakuwa mtu wa serikali kwa malezi. Alikuwa mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, aliyezaliwa mwaka 1784. Alikuwa amerithi mali kutoka kwa jamaa yake, na sehemu kubwa ya mali hiyo ikampotea meli zake zilipotekwa nyakati za vita vya Napoleon. Alipofika Unguja mwishoni mwa 1827 na meli ya kukodi, alikuwa mtu wa makamo anayetafuta namna ya kusimama tena. Mwanzoni mwa 1828 Seyyid Said naye akafika Unguja, akitokea kwenye vita vyake na Mombasa, na watu hao wawili wakakutana. Roberts alikuwa na malalamiko ya kawaida ya kila mwenye shehena: ushuru haukueleweka, na Wamarekani hawakuwa na uhakika wa kupata masharti waliyopata Waingereza. Seyyid kwa upande wake alitaka wanunuzi wengi zaidi katika masoko yake, maana mwenye mnunuzi mmoja hupangiwa bei.

Wengi wangelalamika, wakauza walichouza, wakang'oa nanga. Roberts aliona kwamba kero yake ilikuwa kero ya kila Mmarekani atakayekuja baada yake, na kwamba dawa yake haiwezi kupatikana dukani. Akaanza kuandika barua. Alimwandikia Seyyid, na aliporudi kwao akamwandikia Levi Woodbury, seneta wa jimbo lake. Mwaka 1831 Woodbury akawa waziri wa jeshi la majini katika serikali ya Rais Andrew Jackson. Mwaka uliofuata Roberts alipanda manowari ya Peacock akiwa wakala maalumu wa Rais kwa mataifa ya Mashariki. Katika orodha ya watu wa chombo aliandikwa karani wa nahodha, ili Waingereza na Waholanzi wasishtukie safari hiyo ni ya nini. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa amepoteza meli zake alivyopewa kwenda kuzungumza na wafalme.

Kazi yenyewe ilimjaribu mapema. Mwanzoni mwa 1833 alikuwa pwani ya Vietnam, na huko alishindwa. Maofisa wa mfalme walitaka barua ya Rais ifunguliwe na maneno yake yarekebishwe hadi yaonyeshe unyenyekevu. Walimuuliza pia cheo chake, maana mtu asiye na vyeo asingeweza kupokewa. Roberts akaanza kuwatajia. Alitaja mji wake, akataja wilaya za New Hampshire, akaendelea na mahali baada ya mahali pa nchi yake kana kwamba vyote ni vyeo, na karani wa upande wa pili akijaza ukurasa. Ofisa akachoka kabla orodha haijafika mwisho. Lakini mkataba hakuupata, na aliondoka bila kusaini chochote. Ninalipenda tukio hili kwa sababu linaonyesha mipaka ya werevu. Werevu humwokoa mjumbe na fedheha ya siku moja, lakini hauwezi kumfanya mwenyeji atake jambo asilolitaka.

Bangkok mambo yalikuwa tofauti, na hapo ndipo mkono wa mfanyabiashara unapoonekana wazi katika maandishi ya dola. Mkataba wa Siam ulisainiwa tarehe 20 Machi 1833. Kiini chake ni jambo ambalo mwanasiasa asingelifikiria: upana wa meli. Katika bandari zile mgeni alikuwa akitozwa hiki na kile, na malipo mengi madogo humuumiza mwenye shehena kuliko moja kubwa, kwa sababu hawezi kuyapigia hesabu kabla hajaondoka kwao. Roberts na maofisa wa Siam wakakubaliana kwamba yote yaunganishwe kuwa ushuru mmoja: tikali 1,700, fedha ya Siam, kwa kila pima ya upana wa chombo kilicholeta bidhaa, na tikali 1,500 kwa chombo kilicholeta fedha taslimu tu. Baada ya hapo mwenye meli akiwa Salem au Boston aliweza kupima upana wa chombo chake, akajua gharama za bandari ya Bangkok kabla hajatweka tanga. Mfalme naye alijua atapata nini bila kutegemea uaminifu wa kila mtoza ushuru. Kupata jambo ambalo pande zote mbili zinaweza kulipima kwa kamba ni ufundi wa hali ya juu, na ninaamini hajifunzi mtu ufundi huo mpaka awe ametozwa mara nyingi asichokitarajia.

Maskati alifika katikati ya Septemba, na siku chache zikatosha. Nyuma yake kulikuwa na miaka mitano ya barua. Anayesoma vifungu vya mkataba ule anaweza kumwona Roberts wa Unguja ya 1828 akisahihisha kimoja kimoja kilichomkera. Ushuru usizidi asilimia 5 ya shehena iliyoshushwa, na hiyo asilimia 5 ifunike kila kitu: leseni, ada ya nanga, ada ya rubani wa bandari, na tozo nyingine yoyote. Shehena iliyobaki melini bila kuuzwa isitozwe. Chombo kilichoingia kutengenezwa, kuchukua maji na vyakula, au kuulizia tu hali ya soko, kisitozwe hata senti. Hiyo ya kuulizia hali ya soko inanifurahisha sana. Wakati ule habari za bei zilisafiri kwa mwendo wa meli yenyewe. Nahodha aliweza kufika Unguja akakuta pembe zimekwisha au nguo zimejaa maghalani. Kumruhusu aingie, aulize, aondoke bila kulipa, kunamfanya asiogope kuja, na asiyeogopa kuja ipo siku atashusha. Maofisa wa Seyyid nao walizuiwa kupanga bei. Muuzaji na mnunuzi waachwe wapatane wenyewe.

Seyyid naye hakuwa amekaa tu. Aliweka sharti kwamba bunduki, baruti na risasi zikiletwa Unguja ziuzwe kwa serikali peke yake, ingawa katika bandari zake nyingine ziliruhusiwa kuuzwa. Mtu aliyekuwa bado anapigana na Mombasa alijua hatari ya baruti katika soko la kisiwa alichokuwa anakifanya makao. Kisha kikaja kile kifungu cha tano.

Ufundi wa watu hawa naouheshimu kuliko mwingine wowote ulikuwa wa aina hii: walijua hesabu vizuri kiasi cha kujua kipi kisitiwe ndani yake. Mtu asiyejua biashara huogopa kuacha kitu nje ya daftari, kwa kuwa hana hakika ya thamani yake. Mfanyabiashara aliyekomaa huacha kwa makusudi. Seyyid Said alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Bahari ya Hindi. Alimiliki marikebu, alipanda mikarafuu, alikodisha forodha. Hakuikataa fedha ya Wamarekani kwa kutojua bei ya mchele wa kulisha mabaharia hamsini. Aliikataa kwa sababu mgeni anayelipia uji wake amemaliza deni lake, na Seyyid hakutaka Marekani imalize deni.

Miaka miwili baadaye, tena siku ile ile ya 21 Septemba, kifungu hicho kilijaribiwa. Roberts alikuwa anarudi Maskati na Peacock akiwa na mkataba ulioidhinishwa, manowari ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira. Mabaharia walitupa mizinga baharini kupunguza uzito. Vyombo vya watu wasiojulikana vikaanza kuzunguka kwa mbali. Roberts, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 51, akaingia katika mashua ndogo na ofisa kijana na mabaharia sita, wakakata bahari ya wazi kwa siku nne hivi hadi Maskati kuomba msaada. Seyyid Said hakusubiri kuulizwa kifungu kinasema nini. Alituma marikebu yake ya Sultana pamoja na vyakula na maji. Peacock ilikuwa imejinasua yenyewe, lakini msaada ulikuwa njiani, na mizinga iliyotupwa baadaye ilizamiwa, ikatolewa, ikapelekwa kwa wenyewe bure. Hati za mkataba zilibadilishanwa mwisho wa mwezi huo. Roberts aliendelea na safari kuelekea Japani, asifike. Aliugua akafia Macau tarehe 12 Juni 1836.

Aliyekuja baada yake hakuwa wa daraja lake. Kwa mujibu wa mkataba, Marekani iliweza kuweka konseli, na mwaka 1837 akafika Unguja Richard Waters wa Salem, Massachusetts. Makonseli wengi wa nchi yake siku zile hawakulipwa mshahara. Waliishi kwa biashara zao na ada ndogondogo. Mchana Waters alikuwa mwakilishi wa Wamarekani wote, na mchana huo huo alikuwa mshindani wa kila Mmarekani aliyeshusha nguo. Alishikamana na Jairam Shivji, Mhindi tajiri aliyekodi forodha ya Unguja, na wawili hao wakawa wanajua kila kinachoingia na kutoka. Wamarekani wasiokuwa katika mzunguko huo walilalamika, na walikuwa na haki. Waters alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, na kwa biashara alifanikiwa sana; alirudi Salem akiwa na mali. Lakini tofauti yake na Roberts inafaa kutazamwa na kila anayehama kutoka kampuni kwenda ofisi ya umma, hata leo. Roberts aliyachukua maarifa ya duka akayapeleka serikalini, akayageuza kuwa kanuni ya wote. Waters aliichukua bendera ya serikali akaitundika mlangoni mwa duka.

Kisha Seyyid Said akaamua kwamba biashara isiwe ya Wamarekani kuja tu. Chombo chake nacho kiende. Akaichagua Sultana, ile ile iliyokwenda Masira, marikebu iliyoundwa Bombay mwaka 1833, yenye mizinga 14. Kazi ya kuisimamia safari akampa katibu wake, Ahmad bin Na'aman al-Kaabi. Ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840.

Magazeti yetu yamezoea kumwita Ahmad mjumbe wa kwanza wa Kiarabu kufika Marekani. Si kweli, mjumbe wa Tunis, Sidi Soliman Mellimelli, alikuwa Washington tangu 1805. Ahmad hahitaji sifa hiyo ya kuazima. Yake inatosha: aliingia katika mji asioujua akiwa na majukumu mawili ambayo kwa desturi huharibiana. Alikuwa mjumbe wa mtawala mwenye zawadi kwa Rais, na alikuwa msimamizi wa shehena mwenye bidhaa za kuuza. Mjumbe hutakiwa aonekane hana haraka ya fedha. Msimamizi wa shehena kila siku inayopita humgharimu chakula cha mabaharia na kodi ya ghala.

Shehena yenyewe ilikuwa mifuko 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya Uajemi na marobota 100 ya buni ya Mocha. Na kutoka Unguja pembe 108 za ndovu zilizo bora, masanduku 81 ya sandarusi, mifuko 135 ya karafuu na ngozi kavu 1,000. Nikiisoma orodha hii naona uteuzi wa mtu anayelijua soko. Sandarusi ilihitajika kwa vanishi, pembe kwa vitana na vinanda, ngozi kwa viwanda vya viatu. Vilikuwa ndivyo vitu ambavyo meli za Salem zilikuwa zikivifuata Unguja kwa mbio, na sasa vinaletwa mlangoni na mwenyewe.

Naona pia kitu kingine, na kuwasifu watu hawa bila kukitaja ni kuwadanganya wasomaji. Pembe zile zilifika pwani kwa mabega ya watu, wengi wao wakiwa watumwa au watakaouzwa mwisho wa safari. Karafuu zilichumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba, yakiwemo ya Seyyid mwenyewe. Na merikani, nguo ambayo Ahmad alitarajiwa kurudi nayo, ilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mkataba wa 1833, pamoja na ukarimu wake wote kwa baharia aliyevunjikiwa, haukuwa na neno kwa ajili ya watu hao. Waters aliuchukia utumwa na aliandika hivyo katika shajara yake, kisha akaendelea kununua pembe. Mikono iliyokuwa stadi kiasi hiki ilijua kuacha mambo nje ya hesabu kwa heshima, na ilijua kuyaacha nje kwa njia nyingine pia. Ninauheshimu ufundi wao, na sitaki heshima hiyo inisahaulishe waliobeba mzigo.

Ahmad alianza kwa kuzitenganisha kazi zake mbili. Shehena aliikabidhi kwa nyumba ya biashara ya Barclay & Livingston, mawakala wa New York, ili uuzaji uende kwa desturi za mji na yeye asionekane gatini akibishania bei ya tende. Kulikuwa na faida nyingine katika kuichagua New York, ingawa sijui kama aliitamka: wafanyabiashara wa Salem waliokuwa wameizoea Unguja hawakuwa na sababu ya kufurahi kuona mwenye mali akisafirisha mali yake. Mji ulimpokea kwa shauku. Baraza la jiji lilimkaribisha, wakamtembeza, akapanda treni ya Long Island, akaonyeshwa majengo na taasisi zao. Mchoraji Edward Mooney akamchora, na picha hiyo ipo hadi leo. Ahmad alikuwa na Kiingereza cha kumtosha, na alijua kukaa na wageni. Umati ulikuja kuitazama marikebu na mabaharia wake kwa wingi wa kuchosha, na miezi ile mitatu hakukutokea ugomvi wowote wa kuharibu ujumbe. Atakayeona hilo ni dogo na afikirie mabaharia wa Bahari ya Hindi, mbali na kwao, katika mitaa ya bandari ile mwaka 1840.

Zikafuata zawadi. Seyyid Said alimpelekea Rais farasi wawili wa Kiarabu, sanduku la lulu, upanga, zulia la Uajemi, shali za Kashmiri, marashi ya waridi na madumu ya maji ya waridi. Rais Martin Van Buren akajikuta hawezi kupokea. Katiba ya nchi yake inamkataza mwenye wadhifa kupokea zawadi ya mfalme au dola ya kigeni bila ridhaa ya Bunge. Huku kwetu kumrudishia mtawala zawadi yake ni kumtukana mbele ya watu wake, na Ahmad asingeweza kurudi Unguja akiwa na farasi wale wale. Kule kupokea ni kuvunja kiapo. Hakukuwa na njia ya kuupatanisha msimamo mmoja na mwingine kwa mazungumzo, kwa sababu kila mmoja ulikuwa wa haki kwa wenyewe.

Ahmad hakulazimisha wala hakukasirika. Zawadi zilibaki Marekani. Mawasiliano yakaendelea kwa adabu kupitia mawakala. Na Van Buren akalipeleka suala Bungeni. Mwezi Julai 1840 Bunge likaridhia zipokewe kwa niaba ya taifa, zile zinazoweza kutunzwa zitunzwe, nyingine ziuzwe na fedha ziingie hazina. Farasi waliuzwa Washington. Kwa mtazamo wa Seyyid zawadi zilipokewa. Kwa mtazamo wa katiba hakuna mtu aliyepokea. Muda wa kusubiri ndio uliolimaliza jambo, na mwenye kusubiri alikuwa Ahmad, aliyejua kwamba hoja yoyote ambayo angeitoa ingemlazimisha Rais kusema hapana kwa sauti.

Hakwenda Washington. Wapo wanaoliona hilo kama upungufu wa safari yake, na mimi naliona kama busara. Tende zake zilikuwa New York na marikebu yake ilikuwa Brooklyn, ikiwa imefunguliwa mbao. Sultana ilikuwa imefika katika hali mbaya, kamba na matanga yakiwa hoi. Serikali ya Marekani ikaamuru iingizwe katika gati la jeshi la majini la Brooklyn, ambako Komodori James Renshaw aliisimamia itengenezwe, iwekewe matanga na vifaa vipya, yote kwa gharama ya serikali. Hayo hayakuwa katika mkataba. Hakuna kifungu kati ya vile tisa kinachoidai Marekani itengeneze meli ya Seyyid. Lakini katika jeshi lile la majini walikuwepo waliokumbuka Masira. Wema hauozi, na ule wa 1835 ulikuwa haujaoza kwa sababu hakuna aliyekuwa ameulipia. Kama Roberts angeshikilia rasimu yake ya kwanza, chakula na maji ya Sultana vingekuwa vimeshalipwa kwa hundi miaka mitano nyuma, na Ahmad angeletewa bili ya matanga.

Kwa mauzo ya shehena alinunua mzigo wa kurudi nao: marobota ya merikani, nguo nyekundu, shanga, bunduki na baruti, sahani za kauri na vitu vingine vya majumbani. Serikali nayo ikamkabidhi zawadi za kumpelekea Seyyid, zikiwemo mashua ya fahari, vioo vikubwa na silaha. Tukitaka kupima ugumu wa kazi yake, tuutazame mzigo huu. Shanga zilikuwa na mitindo. Rangi iliyopendwa bara mwaka mmoja ilikataliwa mwaka uliofuata, na robota zima la rangi isiyotakiwa lililala ghalani hadi mende waichoke karatasi yake. Merikani ilipimwa kwa uzito wa uzi na upana wa kitambaa, na mnunuzi wa bara aliikunja mkononi akaijua. Mjumbe asiyejua mambo haya angetoka kwenye karamu ya baraza la jiji akauziwa chochote.

Lilibaki suala la kurudi. Nahodha Mwingereza aliyeileta Sultana, William Sleeman, alikuwa mlevi, na njia ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema haimsamehe mlevi mara mbili. Kumwachisha kazi Mwingereza aliyewekwa na Seyyid, katika bandari ya kigeni, halikuwa jambo jepesi kwa katibu. Kumwachia matanga mapya na mali yote ile lingekuwa zito zaidi. Akapatikana Sandwith Drinker wa Philadelphia, nahodha mzoefu, akaajiriwa kuongoza chombo. Sultana ikaondoka New York tarehe 9 Agosti. Njiani Drinker aliandika shajara ya safari, na kwa shajara hiyo tunajua mengi kuhusu maisha ndani ya marikebu ile ambayo barua rasmi zisingetuambia.

Kwa hesabu za mwenye duka, safari hiyo haikufungua njia. Sultana haikurudi New York, na biashara ya Unguja na Marekani iliendelea kubebwa na meli za Salem. Mataifa mengine yalikuwa yameshaanza kudai masharti kama ya Roberts: Uingereza ilipata mkataba wake mwaka 1839, Ufaransa ikafuata mwaka 1844. Ahmad alikuwa amefanya alichotumwa. Aliuza, akanunua, akawasilisha zawadi kwa Rais aliyekatazwa kuzipokea, akarudisha watu na chombo. Walipotia nanga Unguja Desemba 1840 kulikuwa na marobota ya kushusha, na forodhani alikuwa anangoja Jairam Shivji, ambaye naye alijua vizuri merikani inauzwaje.